UZI: Seli zimeshika baada ya upandikizaji, lakini kinga bado haijarudi

Mlezi wa Zamu

Wakuu, amani kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya watu waliopandikizwa seli shina (seli mama zinazotengeneza damu) za mtu mwingine, na hasa ndugu wanaowauguza, maana mdogo wangu alipandikizwa kutibu lukemia, yaani saratani ya damu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye. Kuna jambo moja linawaponza wengi. Siku daktari anapotangaza kwamba seli zimeshika, familia nzima inashusha pumzi, na kuanzia hapo mgonjwa anahesabiwa amepona. Wageni wanamiminika, barakoa zinawekwa pembeni, na homa ikipanda usiku inatulizwa kwa parasetamoli hadi kukuche.

Seli kushika ni nini hasa? Kabla ya upandikizaji mgonjwa hupewa dawa kali za saratani, pengine na mionzi ya mwili mzima, ili uboho wake usafishwe na kinga yake ya zamani isipate nguvu ya kuzikataa seli ngeni. Siku anayotundikiwa seli huitwa siku ya sifuri, na hesabu zote huanzia hapo. Baadaye chembe nyeupe huisha karibu kabisa. Madaktari husubiri neutrofili, yaani zile chembe zinazowahi kukabili bakteria na fangasi, zifike angalau 500 katika maikrolita moja ya damu kwa siku 3 mfululizo. Zikifika, seli zimeshika. Zilizovunwa kwenye damu ya mshipa huwahi, aghalabu kati ya wiki ya 2 na ya 3. Za uboho hukawia kidogo, na za damu ya kitovu hukawia zaidi.

Neutrofili ni kikosi kimoja tu cha kinga. Vikosi vingine havijafika, na baadhi havitafika mwaka huo. Naendelea hapo chini.

Mlezi wa Zamu

Mpangilio wa kurudi kwa kinga uko hivi. Baada ya neutrofili na monosaiti (chembe nyingine nyeupe), zinazofuata upesi ni seli za NK, ambazo huonekana kwa wingi ndani ya mwezi wa kwanza au wa pili. Hizi huua seli zilizoingiwa na virusi bila kuhitaji kufundishwa, na husaidia pia kuwinda mabaki ya lukemia.

Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huchukua miezi. Kwa wengi idadi yake huanza kuwa ya maana kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na hata zikitimia idadi, uwezo wa kutengeneza kingamwili zenye shabaha kali unaweza kuchukua miaka 2. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na hesabu nzuri ya damu kwenye karatasi ya maabara, halafu nimonia ya kawaida ikamlaza.

Zinazochelewa kuliko zote ni seli T, hasa zile za CD4 ambazo ndizo huongoza wenzake. Seli T hurudi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya haraka: seli T zilizokomaa ambazo zilikuja ndani ya mfuko wa mchangiaji huzaana zenyewe. Zinaongezeka, lakini aina zake ni chache, kwa hiyo kuna vimelea vingi ambavyo hazivijui. Njia ya pili ni kutengeneza mpya kabisa. Seli changa hutoka kwenye uboho, huenda kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, na hapo hufunzwa kama kuruti chuoni: anayeshindwa kusoma vitambulisho vya seli za mwili hatoki, na anayeelekeza bunduki kwa raia hatoki. Wanaohitimu ni wachache.

Shida ni kwamba thaimasi husinyaa kadiri umri unavyosogea. Zaidi ya hapo, dawa za maandalizi na mionzi huiumiza, na tatizo liitwalo GVHD, yaani seli za mchangiaji kumshambulia mgonjwa, huiumiza pia. Ndiyo maana mtoto hujijenga upya haraka, na mtu mzima anaweza kukaa mwaka, miaka 2 au zaidi akiwa na CD4 chache.

Mchana Kweupe

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Baba yangu mdogo alipandikizwa, umri umeshavuka miaka sitini. Kliniki wakatwambia CD4 yake iko chini ya 200 na wakamwandikia septrini kila wiki. Ndugu wengine wakaanza kunong'ona kwamba ameambukizwa UKIMWI kupitia zile seli. Imeleta ugomvi mkubwa nyumbani na mzee ameumia sana moyoni. Naomba ufafanuzi niwasomee.

Mlezi wa Zamu

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mzee. Wasomee hivi: CD4 ni jina la kundi la seli, si jina la ugonjwa. Virusi vya UKIMWI huziharibu seli hizo. Kwa mzee hazijaharibiwa na virusi, hazijatengenezwa bado, kwa sababu chuo chake cha kuzitengenezea kimechoka kwa umri na dawa. Mchangiaji hupimwa UKIMWI, homa ya ini na magonjwa mengine kabla seli zake hazijavunwa.

Ila hatari inafanana, na ndiyo sababu dawa inafanana. Kuna fangasi anayeitwa nyumosistisi ambaye huleta nimonia mbaya kwa yeyote mwenye CD4 chache, na septrini humzuia. Baada ya upandikizaji hutumiwa kwa angalau miezi 6, na huendelea muda wote mgonjwa anapotumia dawa za kushusha kinga. Asiache kwa sababu ya maneno ya watu. Namwonea huruma mzee, maana anapigana vita viwili kwa wakati mmoja.

Nesi wa Wodi

Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa aina hii, naomba niongezee upande wa maambukizi, kwa sababu kila kipindi kina adui zake.

Hadi seli zishike, tunaogopa bakteria wa utumbo wa mgonjwa mwenyewe wanaopenya kupitia vidonda vya mdomoni na tumboni, bakteria wa ngozi wanaoingia kwa mpira wa mshipani, fangasi wa kandida, na virusi vya hepesi vinavyoamka. Baada ya kushika hadi kama siku ya 100, wanaotutisha zaidi ni virusi vya saitomegalo, tunaviita CMV, pamoja na fangasi wa aspagilasi kwenye mapafu. Baada ya siku 100, hasa kwa mwenye GVHD sugu, inabaki hatari ya bakteria wenye ganda kama nyumokokasi, na mkanda wa jeshi.

Hao CMV watu wengi duniani tunao tangu utotoni, wamelala tu. Kinga ikianguka wanaamka, wanashambulia mapafu, utumbo, hata macho. Aliye hatarini zaidi ni mgonjwa ambaye tayari anavyo huku mchangiaji wake hana, kwa kuwa seli anazopokea hazijawahi kukutana navyo. Ndiyo maana tunatoa damu karibu kila wiki kuvitafuta kabla mgonjwa hajahisi lolote. Tangu 2017 kuna dawa ya kinga iitwayo letemoviri, na faida yake kubwa ni kwamba haishushi chembe nyeupe kama gansikloviri ya zamani.

Virusi vya Epstein-Barr navyo vinaweza kuzifanya seli B zizaane bila breki hadi kuwa uvimbe wa mitoki. Vikigunduliwa mapema, rituksimabu hutumika kuziondoa seli hizo. Virusi vya BK huleta kukojoa damu kwa maumivu makali. Mgonjwa akiona rangi ya mkojo imebadilika aseme siku hiyohiyo.

Steroidi, dawa za kushusha kinga, pia huamsha kifua kikuu kilicholala na minyoo ya strongiloidesi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka bila dalili. Kama mgonjwa wenu aliwahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu, mwambieni daktari kabla ya upandikizaji. Familia nyingi hukaa kimya kwa aibu, na ukimya huo unatuchelewesha.

Homa ikifika nyuzi 38 ni kwenda hospitali, saa yoyote, hata kama anacheka na kula vizuri. Mtu asiye na chembe za kutosha hatengenezi usaha, wakati mwingine hata kikohozi hana. Homa inaweza kuwa dalili pekee. Akiwa kwenye steroidi nyingi, hata homa yenyewe inaweza isijitokeze, kwa hiyo kutetemeka, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu ghafla kunatosha kumpeleka.

Na akihitaji kuongezewa damu popote pale, semeni kwa sauti kwamba amepandikizwa. Damu atakayopewa lazima ipigwe mionzi kwanza, ili chembe nyeupe zilizomo zisije zikazaana ndani yake na kumshambulia. Kundi lake la damu linaweza pia kuwa limebadilika na kuwa la mchangiaji, kwa hiyo kadi ya zamani isitumike.

Kaka Mkubwa

Dada Nesi, Mungu akubariki. Mimi ndiye niliyemchangia mdogo wangu wa kike. Tulipimwa tukaambiwa tunalingana kabisa. Sasa amepata vipele mwili mzima na kuharisha, wanasema ni GVHD, seli zangu ndizo zinamshambulia. Silali. Kwa nini zimshambulie na sisi ni tumbo moja, na tulilingana?

Mlezi wa Zamu

Kaka yangu, pokea pole, na kabla ya yote: hukumfanyia ubaya wowote. Ulimpa nafasi ya kuishi.

Kulingana kunakopimwa ni kwa vinasaba vya HLA, vile vitambulisho vilivyo juu ya seli ambavyo Jean Dausset alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1980 kwa sababu ya ugunduzi wake. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana na mwenzake kikamilifu. Lakini mbali na HLA kuna tofauti nyingi ndogondogo za protini ambazo ni mapacha wa kufanana tu wasiokuwa nazo. Seli T zako, zikiwa kazini kama zilivyozoea, zinakutana na protini hizo mwilini mwa dada na kuziona ngeni. Dawa za maandalizi nazo zimejeruhi utumbo wake, na tishu iliyojeruhiwa hutoa ishara za hatari zinazozidi kuzichochea. GVHD ya mapema hupenda sehemu tatu: ngozi, utumbo na ini.

Uadui huu una upande mwingine. Seli zilezile zinazomsumbua ngozi ndizo zinazosaka mabaki ya lukemia. Waliopokea seli za pacha wa kufanana karibu hawapati GVHD, lakini lukemia yao ilionekana kurudi mara nyingi zaidi. Kwa wengine ambao lukemia imerudi, madaktari huwaongezea makusudi limfosaiti (chembe nyeupe za kinga, zikiwemo seli T) za mchangiaji yuleyule. Kwa hiyo hawatafuti kuzizima seli zako kabisa, wanatafuta kuzituliza kiasi cha dada kuishi nazo.

Nesi wa Wodi

Kweli kabisa, na Kaka Mkubwa acha kujilaumu. Matibabu ya kwanza ya GVHD ya mapema inayohitaji dawa za mwili mzima ni steroidi. Zisipofanya kazi, kuna ruksolitinibu, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa hali hiyo mwaka 2019, na kwa GVHD sugu mwaka 2021. Kuizuia kabla haijaanza, wengi hutumia siklosporini au takrolimasi pamoja na methotreksati. Njia nyingine ni siklofosfamaidi siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji: seli T zilizochachamaa mapema ndizo zinazozaana kwa kasi, na ndizo dawa inazozipiga zaidi, huku seli shina zikisalimika. Njia hiyo ilikuzwa na watafiti wa Johns Hopkins na ndiyo iliyofungua mlango kwa wanaolingana nusu tu, yaani mzazi kwa mtoto au mtoto kwa mzazi.

Ugumu uko hapa: kila dawa inayotuliza GVHD inachelewesha kinga kurudi, na GVHD yenyewe inaichelewesha. Mgonjwa wa GVHD ndiye mwenye kinga dhaifu kuliko wote wodini, ingawa tatizo lake linaonekana kama kinga iliyozidi. Wageni hawalielewi hili. Wanaona vipele, wanasema "si maambukizi, tuingie".

Jambo moja kuhusu siklosporini na takrolimasi. Kiwango chake kwenye damu kinayumba kirahisi. Dawa nyingi za fangasi hukipandisha, rifampisini ya kifua kikuu hukishusha, na mitishamba mingine pia hukivuruga. Kikipanda, figo zinaumia. Kikishuka, GVHD inalipuka. Msimpe kitu chochote, kiwe kidonge au majani, bila kuuliza. Na siku ya kupimwa kiwango, dozi ya asubuhi inyweshwe baada ya damu kutolewa, vinginevyo kipimo kinadanganya.

Pumzi Moja

Mimi ni mgonjwa mwenyewe, mwaka wa tatu sasa. Nimesoma uzi wote na machozi yamenitoka kwa kuona kuna watu wanaelewa. Naomba niseme kuhusu GVHD sugu kwa sababu haizungumzwi.

Zamani walihesabu kwamba kabla ya siku 100 ni ya mapema, baada ya hapo ni sugu. Tangu mwongozo wa mwaka 2005 wa taasisi za afya za Marekani wanaangalia dalili zenyewe na si kalenda. Kwangu ilianza na macho kukauka kana kwamba yana mchanga, kisha mdomo: utando mweupe ndani ya mashavu, kila chenye chumvi kinachoma. Baadaye ngozi ya mikono ikakaza na viwiko vikawa havinyooki. Wanawake wenzangu, sehemu za siri nazo zinakauka na kusinyaa, na hakuna daktari aliyeniuliza mpaka niliposema mwenyewe. Semeni. Kuna tiba, na ikicheleweshwa makovu yanabaki.

Lakini kinachonifanya niandike ni mapafu. Njia ndogo za hewa zinaweza kuziba kwa makovu kidogokidogo, na mwanzoni mtu hahisi chochote. Unapoanza kuhema kwenye ngazi, sehemu ya uwezo wa mapafu imeshapotea na hairudi. Kipimo cha kupuliza pumzi, kinachoonyesha hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza, huona tatizo kabla yako. Kidaini kipimo hicho kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza hata kama mnajisikia wazima. Mimi ndicho kilichoniwahi, na leo natembea na kufanya kazi.

Jua pia. Jua kali kwenye ngozi linaweza kuamsha GVHD iliyotulia. Mikono mirefu na kofia pana kila ninapotoka.

Mlezi wa Zamu

Dada Pumzi Moja, asante kwa ujasiri huo, hasa la sehemu za siri. Nimelinakili nimpelekee mtu ninayemfahamu ambaye najua anateseka kimya.

Niongeze kwamba kwenye GVHD sugu wengu nao hufanya kazi kwa shida, hata kama haukuondolewa. Wengu ndio unaowachuja bakteria wenye ganda aliowataja Nesi. Kwa hiyo wengi hupewa penisilini ya kinga muda wote GVHD inapotibiwa, pamoja na asikloviri kwa angalau mwaka mmoja kuzuia hepesi na mkanda wa jeshi. Ukiona vidonge vingi na mgonjwa anajisikia vizuri, usishawishike kupunguza.

Mchana Kweupe

Na chanjo je? Mzee alichanjwa zote zamani, anasema hahitaji tena.

Nesi wa Wodi

Mwambie kwa heshima kwamba kumbukumbu ile imekwenda na uboho wa zamani. Kingamwili za chanjo na za magonjwa aliyougua hufifia kidogokidogo baada ya upandikizaji, na za mchangiaji hazihamii za kutosha. Anaanza upya kama mtoto.

Zisizo na vimelea hai huanza mapema: ya nyumokokasi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha pepopunda, dondakoo, kifaduro, Hib (bakteria wa homa ya uti wa mgongo), homa ya ini B na polio ya sindano kati ya mwezi wa 6 na wa 12. Mafua ni kila mwaka. Zenye vimelea hai, kama surua, hazikaribiwi kabla ya miaka 2, na hata baada ya hapo ni kwa asiye na GVHD na aliyeacha dawa za kushusha kinga. Hatuhesabu kalenda peke yake. Kliniki itaangalia CD4, seli B na kingamwili, na wakati mwingine itapima kama chanjo imeitika, kwa sababu mwili usio na seli B za kutosha hauna wa kumfundisha.

Kaka Mkubwa

Dada ameanza kupungua kuharisha, nashukuru kwa maombi na maneno yenu. Swali la mwisho: akiruhusiwa atakaa kwangu, na nina mtoto mchanga anayeendelea na chanjo za kliniki. Nisitishe chanjo za mtoto?

Mlezi wa Zamu

Alhamdulillahi, habari njema hiyo! Usisitishe kaka. Mtoto asiyechanjwa ni hatari kubwa zaidi kwa shangazi yake. Surua, matumbwitumbwi na rubela achanjwe kama kawaida, mtoto haambukizi wengine kutokana nayo. Ya kuulizia ni polio ya matone: omba ya sindano badala yake, kwa kuwa virusi hai vya matone hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Ya rota, ile ya kuzuia kuharisha, nayo virusi vyake hutoka kwenye kinyesi, kwa hiyo shangazi asibadilishe nepi kabisa kipindi hicho, na mnaobadilisha mnawe kwa sabuni kila mara. Akichanjwa tetekuwanga akatoka vipele, watengane mpaka vikauke. Wewe na mkeo mchanjwe mafua ya sindano, si ile ya kupuliza puani.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, uende nayo kwa timu ya upandikizaji kabla dada hajaruhusiwa, waione tarehe zote za chanjo zilizobaki na wapange naye aje lini.